Kuona na upofu katika hoja za Wakristo wa kwanza dhidi ya ibada ya sanamu

Kuona na upofu ni lugha ya mfano iliyotumiwa sana na waandishi Wakristo wa karne ya 2 hadi ya 5 walipobishana na Wapagani wa Dola la Roma kuhusu ibada ya sanamu. Hoja yao ilikuwa na ngazi mbili. Ya kwanza: sanamu ina macho lakini haioni. Ya pili: anayeisujudia naye haoni, kwa sababu mtu hufanana na kile anachokiabudu.

Ngazi ya kwanza haikuwa ngeni hata kwa Wapagani, kwa kuwa baadhi ya wanafalsafa wao walikuwa wameisema karne nyingi kabla ya Kristo. Ugomvi uliletwa na ngazi ya pili, iliyoacha kulisema jiwe ikaanza kumsema mtu. Wapagani wasomi waliirudisha kwa Wakristo, wakidai kwamba vipofu ni wao.

Asili yake katika Agano la Kale

Wakristo hawakuibuni hoja hii, bali waliirithi kwa Wayahudi. Zaburi 115 na 135 (katika hesabu ya Biblia za kale za Kigiriki na Kilatini ni 113 na 134) zinataja viungo vya sanamu kimoja baada ya kingine na kuonyesha kwamba hakuna hata kimoja kinachofanya kazi yake. Kisha zinaongeza kwamba wanaozitengeneza na wanaozitegemea watakuwa kama hizo sanamu. Maneno hayo machache ndiyo mbegu ya karibu yote yaliyoandikwa baadaye.

Kitabu cha Isaya, sura ya 44, kinamchekesha msomaji kwa habari ya fundi anayekata mti mmoja: nusu anaiwasha moto, anaota na kuoka mkate, nusu iliyobaki anaichonga mungu na kuiangukia. Lakini kitabu hichohicho, katika sura ya 6, kinamtuma nabii kwa watu wa taifa lake mwenyewe, ambao macho yao yamefumbwa wasielewe. Kwa hiyo katika Isaya upofu si wa mataifa peke yao. Jambo hilo lilisahauliwa na baadhi ya waliokitumia kitabu hicho baadaye.

Waraka wa Yeremia, ambao katika Biblia ya Kikatoliki ni sura ya 6 ya kitabu cha Baruku, unazieleza sanamu za Babuloni kwa jicho la mtu aliyeingia hekaluni na kutazama kwa makini. Macho ya miungu yamejaa vumbi linalotimuliwa na miguu ya waabuduo. Makuhani wanawawashia taa nyingi kuliko wanazojiwashia wenyewe, na hakuna hata moja ambayo miungu hiyo inaiona. Popo, mbayuwayu na paka hutua juu yao bila woga.

Kitabu cha Hekima, sura ya 13 hadi 15, kina upole zaidi, angalau mwanzoni. Kinasema wale walioabudu moto, upepo au nyota wana lawama ndogo, kwa kuwa walikuwa wakimtafuta Mungu na kudanganywa na uzuri wa vitu walivyoviona. Wanaoabudu kazi ya mikono ya binadamu ndio wanaohukumiwa vikali.

Agano Jipya

Katika Agano Jipya upofu ni neno la pande nyingi. Injili ya Yohane, sura ya 9, inasimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa swali lenyewe. Mwishoni wanaobaki vipofu ni viongozi wa dini wenye macho mazima.

Mtume Paulo mwenyewe alikaa siku tatu bila kuona baada ya tukio la njia ya Damasko (Matendo ya Mitume 9). Baadaye, huko Pafo katika kisiwa cha Kupro, mchawi Elima aliyempinga alipigwa upofu kwa muda (Matendo 13), na mbele ya mfalme Agripa Paulo alieleza kwamba alitumwa kwa mataifa ili wafumbuliwe macho (Matendo 26). Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 1, anafundisha kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanatambulika kupitia viumbe vinavyoonekana, hivyo walioyaacha wakageukia mifano ya watu na wanyama hawana udhuru.

Paulo pia aliacha fundo ambalo waandishi wa baadaye hawakulifungua vizuri. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho anasema kwanza kwamba sanamu si kitu (sura ya 8), kisha kwamba vinavyotolewa sadaka na mataifa vinatolewa kwa mashetani (sura ya 10). Ikiwa sanamu si kitu, basi ni kipofu kweli. Ikiwa nyuma yake kuna pepo, basi kuna anayetazama.

Sanamu zenyewe zilivyokuwa

Msomaji wa leo anayeziona sanamu za Kigiriki na za Kirumi kwenye majumba ya makumbusho, nyeupe na zenye macho matupu, anaweza kudhani kwamba hoja ya upofu ilikuwa rahisi mno. Sivyo. Sanamu za marumaru zilipakwa rangi, na mboni zilichorwa. Za shaba zilitiwa macho ya kioo, mawe au pembe, na nyingine zilikuwa na kope za shaba nyembamba. Sanamu ya Zeu huko Olimpia, kazi ya Phidias ya karne ya 5 KK, ilitengenezwa kwa dhahabu na pembe za ndovu, na kimo chake kilikuwa mita 12 hivi. Aliyeingia kutoka kwenye jua kali hadi ndani ya hekalu lenye giza na kuinua uso, alijiona akitazamwa.

Augustino wa Hippo alilielewa jambo hilo kuliko wengi waliomtangulia. Akifafanua Zaburi ya sanamu alieleza kwamba umbo lenye macho na kinywa, lililowekwa mahali pa juu, lina nguvu zaidi ya kuipinda roho dhaifu kuliko ilivyo nguvu ya kuirekebisha itokanayo na kujua kwamba macho hayo hayaoni. Mtu anaweza kujua ukweli na bado akapiga magoti.

Hoja za watetezi wa imani

Yustino Mfiadini, aliyeandika Utetezi wake wa kwanza huko Roma mwaka 155 hivi, alisema sanamu hazina uhai, tena hutengenezwa na mafundi wenye mwenendo mbaya kutokana na malighafi ileile ya vyombo vya kawaida. Alishangaa kwamba watu wanaajiriwa kuwalinda miungu. Yustino huyohuyo anaeleza kwamba ubatizo uliitwa kwa Kigiriki kwa neno lenye maana ya kutiwa nuru. Jina hilo linasaidia kuelewa kwa nini lugha ya upofu ilienea hivyo: kila Mkristo alihesabiwa kuwa mtu aliyekuwa haoni kisha akafumbuliwa macho.

Barua kwa Diogneto, ambayo mwandishi wake hajulikani, inamwalika msomaji atazame si kwa macho tu bali pia kwa akili, halafu inampitisha sokoni: jiwe hili si kama lile tunalolikanyaga? Shaba hii si kama ya sufuria? Mti huu haujaoza? Fedha hii haihitaji mlinzi asije mwizi? Mwandishi anawageukia Wayahudi pia, akidai kwamba kumtolea Mungu asiyehitaji kitu sadaka za damu na moshi hakutofautiani sana na kuwatolea viziwi. Kwa kufanya hivyo anawashambulia wale aliowaazima hoja.

Aliyeijenga hoja kwa ustadi mkubwa zaidi ni Theofilo, askofu wa Antiokia, katika vitabu vitatu alivyomwandikia rafiki yake Mpagani aitwaye Autolycus, mwaka 180 hivi. Autolycus alikuwa akijivunia miungu yake inayoonekana, akamtaka Theofilo amwonyeshe Mungu wake. Theofilo alimjibu kwamba kwanza Autolycus amwonyeshe mtu wake, yaani aonyeshe kama macho ya roho yake yanaona. Jua halikosi kuwaka kwa sababu vipofu hawalioni. Kioo (wakati huo kilikuwa bamba la shaba lililosuguliwa) kikipata kutu hakionyeshi uso, na mwenye dhambi ni kama kioo hicho.

Neno alilolitumia kwa macho yasiyoona linatoka katika msamiati wa waganga wa Kigiriki, na maana yake ni macho yaliyofunikwa na kitu kama maji yaliyomwagika ndani. Ndio ugonjwa ambao kwa Kiswahili tunauita mtoto wa jicho. Mbele kidogo Theofilo anamsihi rafiki yake ajikabidhi kwa mganga ambaye ni Mungu, amtoboe macho ya roho na moyo. Msomaji wa leo anaweza kushtuka kwa kitenzi hicho, lakini watu wa zamani walijua anachosema. Mwandishi wa Kirumi Aulus Cornelius Celsus, karne ya 1, ameeleza jinsi mganga alivyochoma jicho kwa sindano na kusukuma utando mweupe chini, mbali na mboni, ili mwanga upite. Mgonjwa alishikwa kichwa asitikisike.

Mfano huo ulikuwa na faida moja kubwa. Mtoto wa jicho hauui jicho. Uwezo wa kuona bado upo nyuma yake. Theofilo hakusema kwamba Mpagani hana macho, alisema macho yake yamezibwa na yanaweza kuzibuliwa. Klementi wa Aleksandria alilisema hilo waziwazi zaidi katika kitabu chake Mlezi: anayeondoa mtoto wa jicho halitilii jicho mwanga kutoka nje, anaondoa kizuizi tu, na ndivyo ubatizo ulivyo.

Klementi, aliyesoma sana washairi wa Kigiriki, aliwatumia dhidi ya Wagiriki. Katika Himizo kwa Wagiriki, mwishoni mwa karne ya 2, anamwita Tiresia, mwaguzi kipofu wa tamthilia za Kigiriki, auache uaguzi wake na kuja kwa Kristo apate kuona. Katika kitabu hichohicho anacheka jinsi mbayuwayu na ndege wengine wanavyozichafua sanamu bila kubagua kama ni Zeu wa Olimpia au Asklepio wa Epidauro. Tertuliani wa Karthago, katika Utetezi wake wa mwaka 197, anataja mwewe, panya na buibui kwa kazi hiyohiyo: wanyama wamekwisha kutambua jambo ambalo binadamu hawajalitambua. Ni mzaha wa Waraka wa Yeremia uliotembea kutoka Babuloni hadi Afrika Kaskazini.

Mazungumzo ya Octavius, yaliyoandikwa kwa Kilatini na Minucius Felix, yanaanzia ufukweni mwa Ostia, bandari ya Roma. Marafiki watatu wanatembea asubuhi. Mmoja wao, Caecilius, anaona sanamu ya Serapi na kuipelekea busu kwa mkono kama ilivyokuwa desturi. Octavius hamkemei yeye. Anamlaumu rafiki wa tatu, Mkristo mwenzake, kwa kumwacha mtu aliye karibu naye hivyo katika upofu wa watu wasiojua, mchana kweupe. Caecilius anaudhika, na mabishano yanaanza. Baadaye anauliza inakuwaje Wakristo wamwabudu Mungu wasiyeweza kumwona wala kumwonyesha, na Octavius anajibu kwamba upepo hauonekani lakini unasukuma, na jua linaonyesha kila kitu ilhali lenyewe halikodolewi macho.

Majibu ya Wapagani

Makala na vitabu vingi kuhusu jambo hili huishia hapo, na hivyo humwacha msomaji akidhani kwamba Wapagani walinyamaza. Hawakunyamaza.

Mwanafalsafa Celsus (si yule wa vitabu vya uganga) aliandika Neno la kweli mwaka 178 hivi. Kitabu hicho kimepotea, lakini Origene alinukuu sehemu kubwa yake ili kukijibu miaka 70 hivi baadaye, katika Dhidi ya Celsus. Celsus aliuliza ni nani asiye mtoto mchanga kabisa anayedhani kwamba jiwe ni mungu. Heraklito alikwisha kusema kwamba kuziomba sanamu ni kama kuzungumza na kuta za nyumba. Kisha akamlinganisha mwalimu wa Kikristo na mtu mwenye macho mabovu, anayesimama mbele ya wagonjwa wenzake wa macho na kuwashtaki wenye macho makali kuwa ndio vipofu. Aliwashauri Wakristo wafumbe macho ya mwili na kufumbua ya akili, ndipo watakapomwona Mungu. Ushauri huo ungeweza kutoka kinywani mwa Theofilo.

Origene hakuukataa. Alisema Celsus amejifunza kwa Wakristo wenyewe, kisha akaeleza kwamba Adamu na Eva walipokula tunda walifumbuliwa macho ya hisi, na hayo yalipofumbuliwa yale ya akili yakafumba. Kwa hiyo kuna macho mawili, na moja likifunguka vibaya jingine hufifia.

Jibu la Porphyrius wa Tiro (234 hivi - 305 hivi) lina uzito zaidi. Katika kitabu chake kuhusu sanamu, ambacho vipande vyake vimehifadhiwa na mpinzani wake Eusebio wa Kaisarea, anasema si ajabu kwamba wajinga huona katika sanamu miti na mawe tu. Asiyejua kusoma naye akitazama nguzo yenye maandishi huona jiwe, akitazama kibao huona ubao, na akitazama kitabu huona mafunjo yaliyosukwa. Kwa Porphyrius sanamu ni maandishi: rangi nyeusi, umbo la duara, dhahabu, kila kimoja kina maana kwa anayejua kukisoma. Kipofu, kwa maoni hayo, ni yule anayeishia kwenye malighafi, yaani Mkristo.

Yeyote aliyewahi kumfundisha mtu mzima kusoma atakubali kwamba mfano huo ni mzuri. Jibu la Wakristo lilikuwa kwamba watu wengi hekaluni hawakuwa wakisoma chochote. Waliomba mvua, watoto na ushindi kutoka kwa kitu kilichokuwa mbele yao. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Mfano wenyewe haukufa: katika karne ya 8 na ya 9, Wakristo walipogombana wao kwa wao kuhusu picha takatifu, waliozitetea walisema kwamba picha ni kitabu cha wasiojua kusoma, na waliozipinga waliwasomea Zaburi 115.

Walioabudu kabla ya kuandika

Arnobius, mwalimu wa ufasaha huko Sicca (leo El Kef, Tunisia), aliandika vitabu saba dhidi ya Wapagani mnamo mwaka 303, wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiani. Analiita jambo hilo upofu, lakini ni upofu wake mwenyewe. Anakiri kwamba muda si mrefu kabla ya kuongoka aliheshimu sanamu zilizotoka kwenye tanuri na chini ya nyundo, na kwamba kila alipoona jiwe lililopakwa mafuta alisema nalo na kuliomba kana kwamba nguvu fulani imo ndani yake. Ni vigumu kupata ushahidi mwingine wa wazi namna hiyo kutoka kwa mtu wa kawaida aliyekuwa upande wa pili. Unaonyesha pia kwamba Porphyrius hakuwasemea Wapagani wote.

Mwanafunzi wake Lactantius, aliyefundisha ufasaha huko Nikomedia, aliigeuza hoja upande mwingine. Binadamu, tofauti na wanyama, ameumbwa wima, uso ukielekea mbinguni; anayeinama mbele ya udongo anayakana maumbile ya macho yake. Na kama sanamu zingekuwa na akili, zingemsujudia fundi aliyezitengeneza.

Kutoka hoja hadi shoka

Mpaka mwaka 313 wenye kusema hivyo walikuwa watu wanaoweza kukamatwa. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 384 Symmachus, mkuu wa mji wa Roma, alimwandikia Kaisari akiomba madhabahu ya Ushindi irudishwe katika ukumbi wa Seneti. Alikumbusha kwamba Wapagani na Wakristo wapo chini ya anga moja na wanatazama nyota zilezile, na kwamba siri kubwa kiasi hicho haifikiwi kwa njia moja tu. Ambrosi, askofu wa Milano, alipinga, na ombi likakataliwa. Mwaka 391 na 392 Kaisari Theodosi I alipiga marufuku sadaka za Kipagani.

Wakati huohuo hekalu la Serapi huko Aleksandria lilibomolewa. Rufinus anasimulia kwamba watu waliamini mkono wa binadamu ukiigusa sanamu hiyo dunia itapasuka, mpaka askari mmoja alipoipiga shoka usoni na hakuna kilichotokea. Anaeleza pia kwamba kulikuwa na dirisha dogo lililopangwa ili, siku maalumu, mwali wa jua ufike midomoni mwa Serapi kama busu. Theodoreti wa Kiro anaongeza kwamba kichwa kilipokatwa panya walitoka ndani. Wanyama wa Tertuliani wamerudi, safari hii ndani ya historia.

Katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia huko Athens kuna kichwa cha marumaru cha Afrodita chenye msalaba uliochongwa kwenye paji la uso na macho yaliyoharibiwa. Aliyefanya hivyo hakuwa na hakika kama Zaburi 115. Jicho lisiloona halina haja ya kutobolewa. Linatobolewa lile linaloogopwa. Hapo ndipo fundo la Paulo linapoonekana, kwa sababu Wakristo wengi waliendelea kuamini kwamba pepo anaishi ndani ya jiwe.

Vipofu wenyewe

Katika mabishano hayo yote vipofu halisi walitajwa kama mfano, mara chache kama watu. Katika miji ya kale walikuwa wengi, na neno lililowahusu wao likawa tusi la kurushiana wasomi.

Aliyevunja kawaida hiyo ni Didimo wa Aleksandria (313 hivi - 398 hivi), anayejulikana kama Didimo Kipofu. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka minne hivi, kabla ya kujifunza kusoma. Mwanahistoria Sozomeno anasema alijifunza herufi kwa kupapasa kwa vidole zile zilizochongwa kwenye ubao. Atanasi alimkabidhi shule ya dini ya Aleksandria, na miongoni mwa waliojifunza kwake walikuwamo Jeromu na Rufinus. Inasimuliwa kwamba Antoni Mkuu alimwambia asihuzunike kukosa macho ambayo hata nzi na sisimizi wanayo, kwa kuwa ana yale ya malaika. Faraja hiyo bado inatumia lugha ileile ya macho mawili, ila safari hii asiyeona kwa mwili ndiye mwalimu wa wanaoona.

Maandishi yake mengi yalipotea baada ya Kanisa kumhukumu katika karne ya 6 na ya 7 kwa kufuata mafundisho ya Origene. Mwaka 1941, machimbo ya mawe ya Tura karibu na Kairo yalipokuwa yakisafishwa kwa matumizi ya jeshi, zilipatikana nakala za mafunjo zenye ufafanuzi wake wa Mwanzo, Ayubu, Zekaria, Mhubiri na sehemu ya Zaburi.